Kufunga shafti na mguu wa propela kwenye boti ya spidi: injini ndo inamfuata shafti, sio kinyume chake

Mbukwenyi wazee. Mimi fundi niko hapa Dodoma, mkate wangu ni magari ila miaka ya karibuni nimeingia kwenye boti, na nikisema hivyo watu wanacheka, fundi boti wa Dodoma, nyie huko si mnagombania ndoo. Sawa chekeni, ila Mtera ipo, ukishuka barabara ya Iringa unapita juu ya bwawa lenyewe, na Hombolo ipo hapo nyuma ya mji, na siku hizi kuna watu wana hela wananunua boti za spidi Dar wanazileta kwa trela halafu zikiharibika wanakuja kwa mtu wa gari kwasababu ndo aliyepo.

Hii naandika kutokana na boti moja ya mzee mmoja mteja wangu, faiba ya futi 19, zile zilizotengenezwa Marekani za kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji, injini V8 lita 5.7 imekaa katikati, gia moja kwa moja haipunguzi mzunguko, shafti ya inchi moja inatoka chini kwa mteremko inapita kwenye bomba, inashikwa na mguu (vitabu vinaita strati, mi nitasema mguu) afu ndo propela ya bleti 3, 13 kwa 13 (kipenyo inchi 13, na pichi 13, yaani inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama haitelezi). Ilipiga kisiki. Wanaoijua Mtera wanajua, miti ilizamishwa bwawa lilipojazwa na mpaka leo imesimama imekufa, mingine kichwa kiko juu unaiona, mingine imejificha shibiri moja chini ya maji inakusubiri wewe. Mguu ukapinda, shafti ikapinda, bushi ya mpira ikatafunwa, bleti moja ikakunjika kama sikio la mbwa.

Nikaifunga mara ya kwanza nikakosea. Nilifanya kama ninavyofunga propela shafti ya Land Cruiser, yaani nikakaza kila kitu, mwisho uso wa kapulingi ya shafti na uso wa kapulingi ya gia (visahani viwili vinavyofungwa pamoja kwa boliti) vikawa havikutani vizuri, kama mili mbili hivi, nikasema aah boliti zitavuta. Zikavuta kweli. Tulivyofika Mtera, mwendo mdogo safi, ikigusa mzunguko 3,000 boti nzima inatetemeka mpaka glasi ya soda inatembea yenyewe kwenye siti, safari ya pili bushi mpya ikawa imekwisha upande mmoja. Sababu ni rahisi ukikaa chini ukafikiria, shafti ukiivuta kwa boliti unaipinda, afu ile pinda haikai sehemu moja, shafti inavyozunguka inapindwa na kunyooshwa kila mzunguko, kwa mzunguko 4,000 kwa dakika inapindwa mara 4,000 kwa dakika. Hakuna chuma kinachopenda hivyo, na hiyo nguvu yote inaenda kwenye bushi na kwenye beringi ya gia.

Kwaiyo mpangilio ni huu na usiuvunje: kwanza shafti inyooke, afu propela ikae kwenye shafti, afu mguu umfuate shafti, afu pakingi (inayozuia maji yasiingie pale shafti inapopita), mwisho kabisa injini ndo inasogezwa kumfuata shafti. Watu wengi (mimi nikiwa wa kwanza) wanaanza na injini kwasababu ndo kubwa na nzito na inauma kuisogeza. Ndo maana wanakosea.

Kabla hujaingia chini ya trela, toa waya wa betri, weka stendi za mbao chini ya mkuku usitegemee jeki peke yake. Na kama tanki lina petroli fungua kifuniko cha injini upate hewa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa chini kabisa ndani ya boti, sio kama gari ambapo unadondokea nje ukapotea.

SHAFTI YENYEWE

Itoe yote. Kwenye boti nyingi inatokea nyuma, na mara nyingine usukani unaziba njia, basi toa na bleti ya usukani, usijaribu kuipindisha kidogo ipite, ukishafikiria "kidogo ipite" jua umeshaiharibu.

Ipeleke kwa mkerezaji. Mi nilienda Kizota kwa jamaa mmoja namwamini, akaishika akafumba jicho moja akaangalia kama mtu anayechagua muwa.

"Fundi hii imenyooka, angalia mwenyewe."

"Jicho lako na langu yote yamezeeka kaka, leta daili geji."

Tukailaza kwenye vibao viwili vyenye kata ya V, daili (ile saa yenye sindano ya kupimia mpindo) katikati, tukaizungusha kwa mkono taratibu. Sindano ikatembea nusu mili na zaidi. Kwa jicho imenyooka, kwa daili imekufa. Unachotaka ni sindano icheze isizidi kama sehemu moja ya kumi ya mili kwa shafti ya saizi hii. Shafti ya stenlesi inaweza kunyooshwa kwa presi na mtu anayejua, ila ikiwa imepigwa kisiki na ina kovu karibu na thredi au kwenye njia ya kii (kile kipande cha chuma kinachozuia propela isizunguke peke yake) mi naitupa, hapo ndo zinapokatikia.

Utaambiwa utumie rodi ya silinda ya haidroliki ya grada, ni imara na ina krome inang'aa. Usikubali. Krome ikishapata mkwaruzo maji yanaingia chini yake inaanza kubanduka magamba, na yale magamba yanakula bushi kama msasa. Chuma cheusi cha kawaida nacho kitakupa kutu ndani ya pakingi. Nunua stenlesi ya boti, sisi yetu ilitoka Dar ikaja na basi imefungwa kwenye bomba la plastiki ili isigongwe njiani, na konda alilalamika ila nauli ya mzigo alichukua.

Kapulingi mpya ya nyuma nayo usiifunge tu. Ifunge kwenye shafti na kii yake, afu yote pamoja iwekwe kwenye mashine ya kukereza uso upitishwe kidogo mpaka uwe mraba kabisa na shafti. Weka alama ya patasi kwenye kapulingi na shafti ili kesho uzirudishe hivyohivyo. Usipofanya hii hatua huko mbele kwenye kupima utakuwa unafukuza kivuli.

PROPELA KWENYE MKONO WA SHAFTI

Mwisho wa shafti umechongwa mchongoko, kwenye boti za kimarekani ni 1 kwa 16, kwenye nyingi za vipimo vya mili ni 1 kwa 10, propela ya huku haikai kule hata kama tundu linaonekana sawa. Kinachobeba nguvu ni ule mshiko wa mchongoko, kii ni bima tu. Sasa wengi wanaweka propela, wanagonga na nyundo, wanakaza nati, wamemaliza. Kumbe propela imekaa juu ya kii, haijagusa mchongoko.

Jaribu hivi. Toa kii. Sukuma propela kwa mkono mpaka igome, bandika kipande cha masking tepu kwenye shafti uchore mstari pale kitovu cha propela kinapoishia mbele. Itoe. Weka kii, rudisha propela, sukuma tena. Ikifika kwenye mstari uleule uko vizuri. Ikigoma kabla ya mstari, kii inaibeba, piga faili mgongo wa kii kidogo kidogo mpaka ifike. Sisi iligoma mili tatu nzima nyuma ya mstari, na hiyo ni propela ambayo ilikuwa imefungwa na mtu huko nyuma na imekimbia miaka sijui mingapi hivyo.

Afu sagia. Ile pesti ya kusagia valvu, pakaa nyembamba kwenye mchongoko, bila kii, sukuma propela zungusha huku na huku, toa, futa, angalia. Mshiko mzuri unaonekana rangi ya majivu imeenea karibu eneo lote, ukiona imeshika mbele tu au nyuma tu endelea. Ukimaliza osha pesti yote kwa mafuta ya taa, isibaki hata chembe. Kama unataka uhakika zaidi pakaa rangi nyembamba, mi niliazima lipstiki ya mke wangu nikarudisha nusu, hiyo ni kesi nyingine.

Nati ni mbili, nyembamba na nene, na hapa mafundi wanagombana. Nyembamba inaanza, nene inafuata. Inaonekana kinyume lakini ukikaza ya pili, ya pili ndo inabeba mzigo, ya kwanza inabaki kama ya kuzuia, kwaiyo ya pili ndo inatakiwa iwe na meno mengi. Afu splitipini mpya ya stenlesi, sio msumari. Nimekuta msumari, ndo maana nasema.

MGUU

Hapa ndo nitakaa kidogo kwasababu hapa ndo boti inakuwa ya spidi au inakuwa mtumbwi wenye kelele.

Mguu uliopinda usiuchome moto ukaupiga nyundo. Bronzi ikipata moto vibaya inapata nyufa ambazo huzioni, siku ikivunjika kwenye mwendo shafti inaanza kuchapa na inaweza kutoa bomba lote kwenye faiba, maji yanaingia kwa tundu kubwa kuliko ngumi. Tuliagiza mpya, tukasubiri, mzee akawa ananipigia kila Jumatatu "fundi vipi", nikamwambia mzee wangu subira, ni bora tusubiri meli kuliko tusubiri wazamiaji.

Mstari wa shafti unaupata hivi. Kereza vipande viwili vya mbao ngumu au nailoni viingie kwenye bomba la shafti mbele na nyuma vikiwa na tundu la inchi moja katikati, pitisha shafti, sasa shafti imekaa katikati ya bomba na inatokea nje yenyewe inaning'inia. Ishikilie mwisho wake kwa kamba au stendi isilale kwa uzito wake. Hiyo ndo njia yako, kila kitu kingine kinaitii.

Pima kona kati ya shafti na chini ya boti, app ya simu inatosha ukiweka simu kwenye ubao ulionyooka. Yetu ilisoma 14. Chini ya 15 ni sawa, kadri inavyokuwa ndogo ndo bora, kwasababu shafti ikishuka sana propela inasukuma boti juu badala ya mbele, na bleti inayoshuka inakuwa inang'ata maji mengi kuliko inayopanda, hiyo peke yake ni mtetemeko ambao hutauondoa kwa kubalansi propela hata ukibalansi mpaka kesho. Pima pia nafasi kati ya ncha ya bleti na chini ya boti. Isipungue sehemu moja ya kumi ya kipenyo, ikifika asilimia 15 ni raha. Propela ya inchi 13 hiyo ni mili 33 mpaka 50. Sisi tulipata 38. Ukiweka propela kubwa ukala hiyo nafasi, kila bleti inapopita inaupiga mwili wa boti kwa maji, utasikia dum dum dum chini ya miguu.

Vipimo vingine viwili vya haraka. Nyuma, kutoka mwisho wa mguu mpaka kitovu cha propela, acha nafasi maji yatoke kwenye bushi ila isizidi kipenyo cha shafti, yaani kwa inchi moja usizidi inchi moja. Na urefu wa shafti usioshikwa na kitu kati ya mguu na mshiko wa mbele usizidi mara 40 ya kipenyo, kwa inchi moja ni kama mita moja, ukizidi shafti inaanza kucheza kamba.

Sasa bushi. Ni ganda la shaba lenye mpira ndani wenye mifereji, maji ndo grisi yake. Inaingia kwenye mguu kwa kubana, ila usiigonge na nyundo. Ilaze kwenye friza usiku mzima, asubuhi imesinyaa kidogo, isukume na boliti ndefu yenye washa mbili na nati, kama unavyovuta bushi ya spring. Sabuni ya maji inatosha kulainisha, grisi weka pembeni. Zile skrubu ndogo zisizo na kichwa za pembeni zinatakiwa zikae kwenye kishimo ulichotoboa kidogo kwenye ganda, sio zisukume ganda likabonyea ndani, bushi ikibonyea shafti inashikwa kooni. Lainisha shafti kwa maji ya sabuni kila unapoizungusha kavu, mpira mkavu unashika.

Ining'inize mguu kwenye shafti, usiushike na boti kwanza. Hapo utaona msingi wa mguu haukutani na chini ya boti sawasawa, pembeni moja inagusa, nyingine ina mwanya wa mili tatu au nne. Hapa ndo mtego. Ukikaza boliti mguu utaenda kulalia boti na utaivuta bushi ikae upande upande na shafti. Ule mwanya unatakiwa ujazwe.

Kwa ndani ya boti, juu ya msingi wa mguu, weka bamba la alumini au stenlesi la mili 6 boliti zishikilie, faiba peke yake inasagika. Msingi wa mguu upake nta ya kung'arishia gari matabaka matatu manne ili usishike. Chini ya boti piga msasa mpaka uone faiba, futa kwa asitoni. Changanya epoksi na unga wa silika mpaka iwe kama siagi ya karanga, pakaa, inua mguu ukiwa bado uko kwenye shafti, weka boliti kwa vidole tu, epoksi inatoka pembeni, ifute. Sasa angalia bushi ncha zote mbili. Shafti inalala chini ya bushi kwa uzito wake kwaiyo mwanya uko juu, hiyo ni kawaida, ila mwanya wa juu mbele na juu nyuma uwe sawa, na kulia na kushoto uwe sawa, pitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Zungusha shafti kwa vidole viwili. Vidole viwili, sio mkono mzima. Ikiwa laini acha, ondoka, kesho yake ndo urudi.

Kuhusu epoksi na jua letu. Nilichanganya kikombe kizima saa nane mchana, hewa juu ya digrii 30, nikageuka kumwambia kijana anipe boliti, nimerudi kikombe kinafuka moshi na kijiti kimesimama peke yake. Epoksi ikiwa nyingi sehemu moja inajipasha yenyewe. Changanya kidogo kidogo, fanya saa kumi na mbili asubuhi, na Dodoma asubuhi upepo pia haujaanza, kwasababu upepo wetu wa kiangazi unaleta vumbi linaganda kwenye gundi kama sukari kwenye mandazi.

Ikishakauka gonga mguu kwa mpira utaachia, umepata kiti chake kamili. Futa nta, sasa weka silanti ya chini ya maji ya boti, sio ile silikoni ya madirisha ya alumini, rudisha mguu na boliti zote na kaza kwa msalaba taratibu. Ukikaza zungusha tena shafti kwa vidole viwili. Ikiwa nzito kuliko jana legeza utafute sababu kabla silanti haijakauka.

PAKINGI

Hapa haraka. Mpira unaounganisha bomba na boksi ya pakingi uwe ule mnene wenye nguo ndani, klampu mbili kila upande. Mpira wa rejeta ya gari hapana, huo ukipasuka ndo boti imezama ikiwa imefungwa gatini. Pakingi pima nafasi kati ya shafti na ukuta wa boksi, nunua saizi hiyo, kata pete tatu ukiizungushia kwenye shafti yenyewe, maungio yasikae mstari mmoja. Nati kaza kwa mkono kwanza. Ikiwa inakimbia inatakiwa idondoshe matone mawili matatu kwa dakika, hiyo ndo inaipoza. Mteja wangu alitaka ikae kavu kabisa, nikamwambia mzee ukiikausha itaungua na itachimba mfereji kwenye shafti mpya, akakubali kishingo upande.

INJINI

Sasa ndo tunafika pale nilipoharibu mara ya kwanza. Shafti imekaa, mguu umekaa, boliti za kapulingi zote ziko nje. Shafti upande wa ndani inaning'inia, imelala kidogo kwa uzito wake na wa kapulingi, ukipima hapo unapima uongo. Inabidi uibebe kwa uzito sahihi. Chukua nusu ya uzito wa kipande cha shafti kinachoning'inia, jumlisha uzito wote wa kapulingi. Stenlesi ya inchi moja ni kama kilo 4 kwa mita. Kwetu kipande kilikuwa mita moja, nusu yake kilo 2, kapulingi kilo 3, jumla 5. Nikachukua mizani ya kuning'iniza ya wavuvi, ile ya kupimia samaki, nikaifunga juu, kamba kwenye shafti karibu na kapulingi, nikavuta mpaka isome 5.

"Sasa fundi, mizani ya samaki ya nini, unataka kunilipisha kwa kilo?"

"Mzee ningekulipisha kwa kilo ungeuza boti."

Ikisoma 5 shafti iko pale inapotaka kuwa. Sasa sogeza injini, sio shafti. Kwanza kitovu kiingie kwenye kitovu bila kulazimisha, juu chini kulia kushoto kwa kutumia nati za maunti. Afu sogeza nyuso karibu karibu, pitisha fila geji sehemu nne, juu, chini, kulia, kushoto. (Usiandike kwa saa, kijana wangu aliandika "saa sita 0.3" nikakaa nusu saa nafikiria sita ya juu au ya chini.) Tofauti kati ya sehemu kubwa na ndogo isizidi sehemu mbili na nusu za mia za mili kwa kila inchi ya kipenyo cha kapulingi, yaani 0.025. Kapulingi ya inchi 4 ni 0.1 ya mili. Mwanya ukiwa mkubwa juu, uso wa injini unaangalia juu kidogo, kwaiyo unajua uinue mbele au ushushe nyuma, fikiria polepole na ugeuze nati robo robo, na kila ukikaza maunti pima tena kwasababu kukaza kunasogeza.

Jaribio ambalo linakuokoa: ukishapima, zungusha kapulingi ya shafti peke yake robo mzunguko, ya gia ikae, pima tena. Mwanya mkubwa ukibaki palepale, injini ndo haijakaa. Mwanya ukizunguka pamoja na kapulingi, tatizo ni uso wa kapulingi au shafti imepinda, na hapo hata uisogeze injini mpaka Singida hutapata. Rudi kwa mkerezaji.

Hiyo yote ya kwenye trela ni ya awali tu. Boti ikiwa kwenye trela imebebwa na roli mbili tatu, ikiwa kwenye maji imebebwa kote, faiba inajiweka upya. Iingize majini, jaza mafuta kama unavyotembea nayo, iache ilale usiku mmoja, asubuhi fungua boliti za kapulingi upime upya. Yetu trelani ilikuwa 0.08, asubuhi Mtera ikasoma 0.35. Ningeondoka na ile ya trelani ningerudia yaleyale.

KUJARIBU

Washa feni ya kutoa mvuke dakika nne nzima kabla ya kugusa swichi, injini ya petroli iliyofungiwa ndani haisamehi. Anza mwendo mdogo dakika kumi, gusa boksi ya pakingi kwa mkono, vuguvugu sawa, ikiwa huwezi kushika legeza nati kidogo. Panda 2,000, 3,000, kila hatua kaa.

Spidi ya kwenye karatasi ni pichi ya inchi mara mzunguko mara 0.001524, ndo kilomita kwa saa. Pichi 13 kwa mzunguko 4,000 ni kama 79, toa asilimia 15 ya kuteleza unabaki na 67. Ikiwa GPS ya simu inakupa pungufu sana ya hapo propela inapiga hewa au bleti imepinda. Na kumbuka Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 7 ya nguvu, kwaiyo propela iliyokuwa safi Dar huku inaweza kuibana injini isifike mzunguko wake. Tulishusha pichi inchi moja ikaongezeka kama mizunguko 200, ikapumua.

Zinki ya kwenye shafti (kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya shafti) itoe, badala yake weka magnesi, maji haya ni baridi ya bwawa sio chumvi, zinki inajifunga gamba inaacha kufanya kazi. Iweke mbali kidogo na mdomo wa bushi isizibe maji. Na maji ya Mtera yana tope sana mvua zikianza, mchanga unakula ule mpira, kwaiyo kila miezi michache shika propela itikise juu chini, mchezo ukifika mili moja na nusu badilisha bushi. Uitikise boti ikiwa kwenye trela. Sio wewe unazama kuangalia, kuna mamba mle.

Baada ya masaa kumi ya kukimbia fungua tena kapulingi upime, kaza boliti za mguu, angalia splitipini. Kama boti ni ya kubeba abiria kwa hela isajili na ikaguliwe TASAC (shirika la serikali la mambo ya meli) kabla, makoti ya kuelea yawe idadi ya watu. Mzee wetu sasa hivi anaenda 65 glasi ya soda imetulia kwenye siti, ila nimemwambia awe na kijana anakaa mbele kabisa asiyeshika simu, anaangalia maji tu, kwasababu kile kisiki hakuna aliyekitoa.